Oskiloskopu imechomekwa, kompyuta haiioni

Katika maabara nyingi za uhandisi wa umeme siku hizi, kompyuta iliyo mezani mbele ya mwanafunzi siyo inayofanya kazi. Ni kiboksi kidogo kisicho na diski, kimefungwa nyuma ya skrini, na kazi yake ni kuonesha picha na kupeleka mibofyo ya kipanya. Kompyuta yenyewe, yaani Windows, MATLAB, LabVIEW na mafaili ya mwanafunzi, iko kwenye seva ndani ya jengo jingine, pengine kampasi nyingine kabisa. Watu wa Tehama huiita kompyuta pepe, na sababu zao za kuipenda ni nzito. Leseni za programu zinakaa mahali pamoja, virusi havirukiruki chumba kizima, na kompyuta mia mbili zinasasishwa usiku mmoja badala ya fundi kuzunguka na flashi meza kwa meza.

Kwa mwanafunzi wa sheria au uhasibu mpango huo hauna neno. Anaandika, anachapisha, anaondoka. Taabu huanza pale mwanafunzi wa umeme anapochomeka oskiloskopu kwenye tundu la USB la kile kiboksi, akafungua programu ya vipimo, nayo ikamjibu kwamba hakuna kifaa kilichounganishwa. Programu inasema kweli. Kifaa kiko mezani, yenyewe iko kwenye seva, na kati yao upo mtandao ambao USB haikubuniwa kuupita.

Naliandikia jambo hili sasa kwa sababu huu ni msimu wa manunuzi. Mradi wa HEET, unaogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, unajenga na kuwekea vifaa maabara za vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania. Zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST. Mara nyingi kompyuta huandikiwa sifa na idara moja, vifaa vya kupimia na idara nyingine, na watu wa idara hizo mbili hukutana kwa mara ya kwanza siku ambayo mwanafunzi hapati wimbi kwenye skrini.

Mfumo wenye mwenyekiti mmoja

USB ilitoka Januari 1996, kazi ya kampuni saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Nia yao ilikuwa kumwondolea mtu wa kawaida msitu wa nyaya nyuma ya kompyuta, ambako kibodi, kipanya na printa kila kimoja kilikuwa na tundu la umbo lake. Wakabuni mpango ambao kompyuta ni mwenyekiti wa kikao na kifaa hakisemi neno mpaka kiitwe. Kikishajibu, kinanyamaza.

Mwenyekiti huyo hana subira. Katika USB 2.0, iliyotoka Aprili 2000 ikiwa na kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, muda hukatwa vipande vya maikrosekunde 125, na kompyuta ikiuliza swali husubiri jibu kwa takriban maikrosekunde moja na nusu tu. Jibu lisipofika, huhesabiwa kuwa limepotea. Hiyo ndiyo sababu waya wa USB 2.0 hauzidi mita 5. Sasa tazama mtandao: ujumbe kutoka meza ya maabara hadi seva ya jengo jirani na kurudi huchukua, mambo yakienda vizuri, kama milisekunde moja. Hiyo ni zaidi ya mara mia sita ya subira ya USB.

Watengenezaji wa kompyuta pepe walipata njia ya kuzunguka. Kiboksi cha mezani kinabaki kuwa mwenyekiti na kinaongea na kifaa kwa kasi ile ile ya maikrosekunde, ila hakielewi kinachosemwa, kwa kuwa draiva haiko kwake; iko kwenye seva. Kinapokea maombi kutoka kwa draiva ya mbali, kinayawasilisha kwa kifaa, kinafunga majibu kwenye pakiti za mtandao, kinayarudisha. Mwaka 2005 Takahiro Hirofuchi na wenzake wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nara, Japani, waliandika mfumo wa namna hii walioupa jina la USB/IP, na mwaka 2014 ukakubaliwa rasmi katika kiini cha Linux toleo la 3.17. Citrix na Microsoft wana njia zao, na vivyo hivyo Horizon, iliyokuwa ya VMware na ambayo tangu 2024 iko chini ya kampuni ya Omnissa.

Kwa hiyo inawezekana. Swali la mnunuzi ni kwa kifaa kipi, na kwa umbali gani.

Hesabu inayoshangaza

Chukua Analog Discovery 2 ya kampuni ya Digilent, kiboksi kinachoenea kiganjani na kinachotumika kufundishia katika vyuo vingi duniani. Kina mikondo miwili ya oskiloskopu, na kila mkondo unachukua sampuli milioni 100 kwa sekunde, kila sampuli biti 14. Msimamizi wa mtandao akisikia namba hizo hushtuka, kwani data yote hiyo ikisafirishwa moja kwa moja ni megabaiti 400 kila sekunde. Hata USB 2.0 yenyewe haiwezi kubeba hata robo yake.

Lakini kifaa hakisafirishi hivyo. Kina kumbukumbu yake ya ndani. Kinajaza sampuli 8,192 kwa kila mkondo, kinasimama, kinatuma, kinaanza tena. Picha moja ya mikondo yote miwili ni kilobaiti 32 hivi. Ukitaka picha kumi kwa sekunde, meza moja inahitaji megabiti 2.6, na meza thelathini hazifiki megabiti 80. Swichi ya kawaida ya gigabiti moja hubeba mzigo huo bila kuhema.

Sasa chukua kifaa cha bei ya chini kabisa, kile cha kusoma ishara za kidijitali, za 0 na 1, kwenye mistari minane, kilichojengwa juu ya chipu ya FX2 ya Cypress. Kimejaa madukani na kwenye mifuko ya wanafunzi. Hakina kumbukumbu ya maana ndani yake. Kikichukua sampuli milioni 24 kwa sekunde, hutiririsha megabaiti 24 kila sekunde bila kupumzika, sawa na megabiti 192. Meza tano tu zinaijaza ile swichi ya gigabiti moja, na thelathini zinataka karibu gigabiti sita. Kifaa cha bei rahisi kuliko vyote mezani ndicho kitakachouangusha mtandao wa maabara. Kamati ya manunuzi inayotazama bei peke yake haiwezi kuliona hilo.

Upana wa mtandao, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ucheleweshaji, na mimi naiona kuwa nzito zaidi. Tuseme programu inahitaji mizunguko mitano ya swali na jibu ili kupata picha moja. Ndani ya jengo, kwa milisekunde moja kila mzunguko, hiyo ni milisekunde tano na mwanafunzi hahisi chochote. Akiwa hosteli kwa mtandao wa simu, kila mzunguko ukichukua milisekunde 60, anapata picha tatu kwa sekunde. Mtandao ukilemewa jioni na ucheleweshaji ukafika milisekunde 400, picha moja inakuja baada ya sekunde mbili.

Sekunde mbili zinaharibu somo. Jaribio la kwanza karibu kila chuo ni kichujio cha rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya mikrofaradi 0.1. Mwanafunzi huongeza masafa ya wimbi kuanzia hezi 100 kwenda juu, na anapokaribia hezi 1,600 anaona wimbi la kutokea limeshuka hadi asilimia 71 ya lile la kuingia na limechelewa nyuma yake kwa digrii 45. Kujifunza kunatokea hapo, jicho likifuata mkono. Wimbi likijibu baada ya sekunde mbili, mwanafunzi anadhani hakuna kilichobadilika, anazungusha tena, anapita hezi 1,600 bila kuiona, kisha ananakili majibu ya mwenzake. Ripoti yake itakuwa sahihi na hatakuwa amejifunza kitu.

Kifaa kinachobadili jina

Vile vifaa vya FX2 vina shida nyingine, na imewapotezea mafundi sanifu muda mwingi. Kila kifaa cha USB hujitambulisha kwa namba mbili, ya kampuni na ya bidhaa. Seva ya kompyuta pepe huwekewa orodha ya namba zinazoruhusiwa kupita, na ni vyema iwepo, kwa sababu bila orodha hiyo kila flashi yenye virusi itaingia hadi ndani. Baadhi ya vifaa vya FX2 havina programu ndani vinapotoka kiwandani. Ukikichomeka, kinajitambulisha kwa namba ya kwanza, kompyuta inakimiminia programu yake, kisha kinajikata chenyewe na kurudi kikiwa na namba ya pili. Kwenye kompyuta ya kawaida tukio lote huisha haraka na hakuna anayelitambua.

Kwenye kompyuta pepe mambo huenda hivi. Kifaa kinapita kwa namba yake ya kwanza, seva inakipa programu, kinajikata, kinarudi na namba ya pili ambayo haimo kwenye orodha. Kiboksi cha mezani kinakizuia. Mwanafunzi anakiona kifaa kinatokea na kutoweka, kinatokea na kutoweka. Fundi anasakinisha draiva upya, anabadili waya, anabadili kifaa, anabadili meza. Anamwita mtu wa mtandao, naye anapima mtandao na kuukuta mzima. Tiba yake ni mstari mmoja: ongeza namba ya pili kwenye orodha. Lakini ili auandike mstari huo mtu lazima ajue mambo ya seva na tabia ya kifaa kwa pamoja, na vyuo vichache vimempa mtu mmoja nafasi ya kujua yote mawili.

Kuna pia suala la draiva zenyewe. Kompyuta pepe nyingi huzaliwa upya kila mwanafunzi anapoingia, zikinakiliwa kutoka kwenye nakala mama. Draiva iliyosakinishwa leo saa nne haipo saa sita. Ni lazima iingizwe kwenye nakala mama kabla muhula haujaanza, na ijaribiwe kwa akaunti ya mwanafunzi, kwa sababu ya msimamizi ina ruhusa ambazo mwanafunzi hana.

Na usalama. Ncha ya ethi ya probu ya oskiloskopu nyingi imeungana moja kwa moja na waya wa ethi wa jengo. Oskiloskopu ndogo ya USB kwenye kompyuta mpakato inayotumia betri haina muungano huo, na mwanafunzi aliyezoea hali hiyo hushika klipu ya mamba na kuibana popote kwenye saketi bila tatizo. Ihamishie oskiloskopu hiyo kwenye kiboksi cha mezani ambacho chenyewe au skrini yake imeungana na ethi: klipu ile ile, ikibanwa sehemu yenye voltiji ya saketi iliyoungana na ethi, inafunga shoti kupitia waya wa USB. Onyo hili libandikwe mezani kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Makerere na Dar es Salaam wamewahi kupita njia hii

Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Mwaka 1998 Profesa Jesús del Alamo wa MIT, Marekani, aliunganisha na intaneti mashine ya HP 4155, inayopima tabia za transista, ili wanafunzi wake waitumie wakiwa popote, saa yoyote. Mashine hiyo haikuwa na USB. Ilitumia GPIB, njia iliyobuniwa na Hewlett-Packard mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufanywa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975, ambayo nyaya zake zote kwa pamoja hazipaswi kuzidi mita 20.

Del Alamo hakujaribu kuuvuta waya wa GPIB hadi kwa mwanafunzi. Aliuacha mfupi, akaweka seva kando ya mashine. Mwanafunzi aliandika voltiji anazotaka, akatuma, ombi likapangwa foleni, mashine ikapima, namba zikarudi. Kilichosafiri kilikuwa kidogo kuliko barua pepe yenye picha.

Mpango huo ulikua ukaitwa iLab na, kwa ufadhili wa Carnegie Corporation ya New York, ukafika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo huko Ile-Ife, Makerere Kampala na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko walimu na wanafunzi walijenga maabara zao wenyewe juu ya vifaa vya ELVIS vya National Instruments. Kumbuka wakati wenyewe. Kebo ya intaneti ya SEACOM ilifika pwani yetu Julai 2009, na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo vyuo vilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako swali na jibu peke yake huchukua karibu nusu sekunde, hata ungekuwa na fedha kiasi gani. Hakuna kifaa cha USB ambacho kingefanya kazi kwa raha katika hali hiyo. iLab iliiweza, kwa kuwa waya wa kifaa ulibaki mfupi na mtandao ukabeba amri na matokeo tu.

Msimamo wangu unatoka hapo. Kuipitisha USB kwenye mtandao ni dawa ya muda, nzuri ndani ya jengo moja, kwa vifaa vilivyokwisha kununuliwa na vyenye kumbukumbu yao ya ndani. Kwa vifaa vipya tusiinunue shida hiyo tena. Oskiloskopu nyingi za mezani zinazouzwa leo kwa ajili ya kufundishia zina tundu la Ethaneti nyuma, pembeni ya lile la USB, na zinaelewa SCPI, lugha ya amri iliyowekwa mwaka 1990. Unakipa kifaa anwani kwenye mtandao wa maabara, unakiandikia *IDN?, nacho kinajibu kwa jina la kampuni, modeli, namba yake na toleo la programu iliyomo. Kompyuta pepe inakifikia moja kwa moja. Kiboksi cha mezani hakihusiki, na orodha ya namba za USB haina kazi. Hata umeme wa meza ukikatika, programu iliyo kwenye seva inabaki na vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa.

Kifaa chenye USB tu nacho kina njia. Tangu 2003 kuna kanuni ya pamoja ya vifaa vya kupimia iitwayo USBTMC, na Linux ina draiva yake tayari. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi ikiwekwa mezani, waya wa USB ukawa wa nusu mita, na programu fupi ya Python ikawa inapokea amri kutoka mtandaoni na kuzipeleka kwenye kifaa, umepata alichokijenga del Alamo kwa gharama ambayo idara yoyote inaimudu. Kuijenga ni mradi mzuri wa mwaka wa mwisho, nao ungebaki chuoni ukitumiwa na wanaofuata.

Lisije likaeleweka vibaya: sisemi mwanafunzi atolewe mezani. Maabara ya mbali ilisaidia mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa Uviko-19, na inasaidia pale mashine ni moja na wanafunzi ni mia nne. Lakini mhandisi ambaye hajawahi kuchomeka kapasita vibaya kwenye bredibodi na kulitafuta kosa kwa probu hajapata alichokilipia ada. Mikono ibaki kwenye saketi. Kinachohamia kwenye seva ni programu na hesabu, basi.

Wito wangu unawahusu walio na kalamu ya zabuni. Fundi sanifu wa maabara akae kwenye kamati inayoandika sifa za kompyuta, na msimamizi wa seva akae kwenye ile inayoandika sifa za vifaa vya kupimia. Neno Ethaneti liandikwe kama sharti kwa kila oskiloskopu ya mezani, jenereta ya mawimbi na chanzo cha umeme cha kuprogramiwa. Kabla ya mkataba wa kompyuta pepe kusainiwa, mzabuni aletewe vifaa halisi vya chuo, vichomekwe kwenye meza zote, wanafunzi waingie kwa akaunti zao, na kipindi kizima cha saa tatu kiendeshwe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzabuni atakayekataa jaribio hilo asipewe kazi.